Nimeambiwa hulka yangu ndiyo inayopandisha sukari na presha. Ni kweli?

MamaNafaka, Nakuru

Hamjambo nyote.

Mimi ni mama wa miaka 43, nauza nafaka hapa Nakuru, soko la Wakulima. Mahindi, maharagwe, ndengu, njahi kidogo. Majuzi chama chetu kilialika watu wa afya waje watupime kanisani. Nilienda kwa sababu wenzangu walikuwa wanaenda, maana siumwi popote. Walipoona presha wakanituma maabara kwa vipimo zaidi. Majibu ni haya: sukari kabla ya kula 6.3, presha 138 kwa 88, kiuno sentimita 98, yale mafuta ya triglisaridi 2.1, ile kolesteroli nzuri 1.2. Uzito kilo 86.

Aliyenisomea majibu ni kijana mpole tu. Aliniuliza nalala saa ngapi, nikiwa na mawazo nafanya nini, nakula nikiwa na njaa ama nikiwa nimeudhika. Mwisho akasema, "Mama, wewe ni mtu wa wasiwasi na huna ratiba. Hulka kama hiyo inavuta sukari na presha. Badilika." Akanipa karatasi: kifungua kinywa saa moja, matunda saa nne, chakula saa saba, chakula cha jioni saa kumi na mbili na nusu, andika kila kitu unachokula.

Hilo neno limenikaa rohoni. Nina dada yangu mkubwa, tumbo moja, tunauza bidhaa moja, vibanda vinatazamana. Yeye alipimwa siku hiyo hiyo na kila kitu kiko sawa. Ni mtu wa kutulia. Jua likizama amefunga, amekula, amelala. Mimi lori la kutoka Kitale likichelewa siwezi kufumba macho, linaweza kufika saa sita usiku na lazima niwepo kuhesabu magunia. Nikishalala, saa nane naamka nashika simu kuangalia nani ametuma deni lake. Usingizi ukikataa naenda jikoni. Chapati zilizobaki jioni hazioni asubuhi, na chai ya maziwa vijiko vitatu vya sukari. Mchana chakula sikioni, ni chai na mandazi juu ya magunia huku naongea na wateja.

Mama yetu alituacha kwa sababu ya kisukari. Mwishoni alikatwa mguu. Kwa hivyo naogopa, sitaki kuficha.

Naomba mnaojua mniambie: kweli hulka inaweza kuleta ugonjwa, ama hiyo ni lawama tu? Na mtu wa umri wangu anabadilisha hulka vipi? Ile karatasi nimejaribu kuifuata, lakini imeandikiwa mtu anayefanya kazi ofisini.

---

NesiMstaafu, Kisumu

Mama, pole kwa mshtuko. Mimi ni nesi mstaafu. Sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kwenye kliniki ya sukari huku Kisumu, na watu waliokuja na majibu kama yako nimewaona wengi, wale waliorudi nyuma na wale walioendelea mbele. Nitakujibu kwa urefu.

Tuanze na hayo majibu yenyewe. Kuna vitu vitano ambavyo huangaliwa kwa pamoja. Kwa mwanamke: kiuno kuanzia sentimita 80, presha kuanzia 130 kwa 85, sukari ya kabla ya kula kuanzia 5.6, triglisaridi kuanzia 1.7, na kolesteroli nzuri ikiwa chini ya 1.3. Vitatu vikitimia, daktari anasema una sindromu ya metaboliki, yaani mwili umeanza kulemewa na kazi ya kutumia na kuhifadhi chakula unachoupa. Wewe vyote vitano vimetimia. Nakwambia wazi kwa sababu umeuliza kwa uwazi. Lakini kisukari chenyewe kinaanzia 7.0, na mtu asiye na dalili hupimwa tena siku nyingine kabla ya kuambiwa anacho. Hapo ulipo bado pana nafasi kubwa ya kurudi nyuma, na ndiyo sababu nafurahi kwamba ulifuata wenzako kanisani.

Sasa hulka. Kijana aliyekuhudumia hakutunga, ila amekuambia nusu, tena amekutajia kwanza ile sehemu yenye ushahidi mdogo. Wanasaikolojia huipima hulka kwa pande tano: utaratibu na kujidhibiti, wasiwasi, uchangamfu, upole kwa watu, na udadisi wa mambo mapya. Mwaka 2014 watafiti wakiongozwa na Markus Jokela wa Finland waliunganisha tafiti tano zilizofuatilia watu 34,913 ambao hawakuwa na kisukari, kwa wastani wa karibu miaka sita. Watu 1,845 walikipata. Katika pande zote tano, ulioonekana kuongeza hatari ni mmoja tu: utaratibu mdogo. Wasiwasi haukuonekana. Na watafiti walipoweka unene kwenye hesabu, zaidi ya nusu ya ule uhusiano ilitoweka. Maana yake ni kwamba hulka inaufikia mwili kupitia mambo ya kila siku, uzito na kukaa bila kutembea, na hayo unaweza kuyashika hata kama hulka yenyewe imebaki vile vile.

Kuna utafiti mwingine wa Baltimore, Marekani, uliotoka mwaka 2011, wa watu karibu 2,000 waliofuatiliwa kwa zaidi ya miaka 50. Waliangalia pupa, yaani mtu kushindwa kujizuia kitu kikiwa mbele yake. Asilimia 10 wenye pupa kubwa kabisa walikuwa na uzito uliozidi wa wale asilimia 10 wa chini kwa wastani wa kilo 11. Hiyo pupa haisubiri mtu awe na njaa. Ile chapati ya usiku wa manane iko hapo.

Wasiwasi pia sitaupuuza. Mtu akiwa na hofu mwili hutoa homoni ya kotisoli, na kazi yake moja ni kuamuru ini litoe sukari kwenye damu ili mtu apate nguvu za kukimbia. Wewe hukimbii popote, umelala kitandani unafikiria mteja ambaye hajalipa, na ile sukari haina pa kwenda. Halafu kuna usingizi. Mwaka 1999 watafiti wa Chicago waliwaacha vijana 11 wenye afya nzuri walale kwa muda wa saa nne tu kila usiku, kwa siku sita mfululizo. Miili yao ikaanza kuondoa sukari kwenye damu polepole kama ya wazee. Walikuwa vijana, na ilikuwa siku sita tu. Kwa hiyo mimi ningeanza na usingizi kabla ya sahani.

Lakini kuna jambo ambalo kijana yule hakuliona. Amesema huna ratiba. Mtu asiye na utaratibu hawezi kudumu kwenye biashara ya nafaka hata msimu mmoja. Nikikosea nirekebishe: gunia likishushwa, hulilipii kabla hujalichoma kwa kile chuma, ukamwaga punje kiganjani, ukazinusa, ukaiuma moja usikie kama imekauka ama bado ina maji. Na deni la kila mteja liko kwenye daftari, na tarehe yake. Basi utaratibu unao. Umeumalizia wote kwenye magunia, mwili haukubakiziwa hata kidogo.

Kwa hiyo usianze daftari jipya la chakula, utalitupa. Chukua lile la madeni, fungua ukurasa wa nyuma kabisa, uwe unaandika vitu viwili tu: saa uliyokula mara ya mwisho na saa uliyolala. Basi.

Chakula, unakikalia. Mwambie binti anayekusaidia achemshe maharagwe ama ndengu usiku, uje nazo sokoni na managu au sukuma wiki, na ugali usiozidi ngumi yako. Ule saa saba, umekaa, na mgongo umewapa wateja. Nimeona kwa watu wengi kwamba anayekula kweli mchana hapiganii chapati usiku. Chai punguza kijiko kimoja, uzoee wiki kadhaa, upunguze kingine. Usiache vyote siku moja, utarudi.

Na kutembea. Mwaka 2002 Wamarekani walitoa matokeo ya utafiti wa watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda kama yako. Kundi moja lilitembea dakika 150 kwa wiki na kulenga kupunguza asilimia 7 ya uzito, jingine likapewa vidonge vya metfomini, dawa ya kushusha sukari. Waliobadili maisha walipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58, wa vidonge kwa asilimia 31. Kwako wewe asilimia 7 ni kilo 6. Hakuna anayekudai urudi kilo za usichana.

Swali moja kutoka kwangu: kati ya watoto wako, kuna aliyezaliwa na zaidi ya kilo 4?

---

Dereva wa Webuye

Shikamoo nesi. Mama, mimi ni dereva wa lori, Mombasa hadi Malaba, kwangu ni Webuye. Kisukari ninacho tayari, nameza vidonge. Hulka yangu haina wasiwasi hata kidogo. Mimi ni mtu wa watu, mcheshi, na kitu nikikiona nakitaka sasa hivi. Nikisimama Salgaa harufu ya nyama inanivuta kwa shati. Soda mbili kubwa kwa safari nilikuwa nahesabu kama maji.

Niliambiwa nijifunze kujizuia. Sikuweza, na sitawadanganya kwamba sasa naweza. Nilichofanya ni kuondoa kile kitu mbele yangu. Pesa za chakula anashika taniboi wangu, yaani msaidizi wangu wa lori, kijana mkali kweli, amekataza soda na hanionei haya. Nimehama kibanda. Sasa nakula kwa mama mmoja ambaye nikiingia tu ananiwekea samaki na mboga nyingi na ugali kidogo, hata haulizi. Chai nabeba kwenye themosi kutoka nyumbani, haina sukari, na kwa kuwa ndiyo iliyo karibu ndiyo ninayokunywa.

Kwako wewe mama ningesema jambo moja tu. Pika chapati za kuisha. Mkiwa watano mezani, hesabu hapo hapo jikoni, usiache ya kulala kwenye hotpoti. Saa nane usiku ukienda jikoni ukakuta maji na ndizi moja, utakunywa maji urudi kulala. Mimi nilivyo, nikiikuta naila. Nimekubali nilivyo, kwa hivyo sitaki niikute.

---

Mwanafunzi wa Afya ya Jamii, Maseno

Nesi ameeleza vizuri na namheshimu, ila kuna jambo linanisumbua na lazima niliseme.

Mnakumbuka hadithi ya watu wa aina A? Miaka ya 1950 madaktari wawili wa moyo wa San Francisco, Meyer Friedman na Ray Rosenman, walisema mtu mwenye haraka, mshindani, asiyetulia, ndiye anayepata ugonjwa wa moyo. Dunia nzima ikaishika. Miaka mingi baadaye nyaraka za kampuni za sigara zilipowekwa wazi, ikaonekana kampuni hizo zilikuwa zimemwaga pesa nyingi kwenye utafiti wa aina A. Iliwafaa sana, kwa sababu kama moyo unaharibiwa na hulka ya mtu, basi sigara inasalimika. Tafiti nyingi zilizofuata hazikuona uhusiano ule.

Sasa hapa nauliza: dada wawili, biashara moja. Je, dada mkubwa naye hupokea lori usiku? Ama kuna mtu anayempokelea? Kama kuna mtu, basi tofauti yao inaweza kuwa kazi ya usiku wala si hulka. Kukesha kazini kunajulikana kuongeza hatari ya kisukari kwa watu wa kila hulka. Tena tafiti alizotaja nesi ni za nchi tajiri za ng'ambo, watu walijaza fomu za maswali wakiwa kwenye maisha yenye mshahara na saa za kazi. Mama wa soko la Wakulima akijaza fomu ile ataonekana hana ratiba, kumbe ratiba yake inapangwa na lori, barabara na mvua. Tusije tukampa mgonjwa mzigo wa pili wa kujiona yeye ndiye kasoro.

---

NesiMstaafu, Kisumu

Mwanangu wa Maseno, kuhusu lawama tuko pamoja kabisa. Nimeona wagonjwa wakiacha kuja kliniki kwa kuwa kila wakija wanahukumiwa, na anayeacha kuja ndiye tunayempokea baadaye akiwa na kidonda mguuni. Swali lako la lori pia ni zuri kuliko maswali yote niliyouliza mimi.

Lakini sikubali kwamba tuiache hulka kando. Dereva wa Webuye na Mama Nafaka wana tatizo moja na hawawezi kupewa karatasi moja. Dereva ukimwambia aandike daftari hataandika. Mama ukimpa mtu wa kumshikia pesa atakosa usingizi zaidi akiwaza pesa ziko wapi. Mtu mchangamfu namtafutia kundi la kutembea naye, maana peke yake atachoka siku ya pili. Mtu wa wasiwasi namwambia siku hasa ya kurudi kupimwa, kwa sababu akijua tarehe anatulia, na wasiwasi wake unamleta kliniki mapema kuliko hao watulivu. Wengine nimewapoteza kwa utulivu wao. Walijisikia vizuri, wakakaa nyumbani.

Kwa hiyo kazi ya kujua hulka, kwangu mimi, ni kuchagua mahali pa kuanzia.

---

MamaNafaka, Nakuru

Asanteni sana. Nimesoma yote mara mbili na nimemsomea dada yangu kwa sauti.

Nesi, ni kweli punje naiuma. Huwa sikubali gunia hata la mtu wa kanisani kwetu kabla sijaliuma. Na daftari ninalo. Mtoto wangu wa tatu alizaliwa na kilo 4.2, waliniambia ni baraka, hakuna aliyenipima sukari baadaye.

Kijana wa Maseno, umegonga palepale. Dada yangu ana mwanawe mkubwa, yeye ndiye anayempokelea lori. Hatukuwahi kulizungumzia kwa sababu kila mtu na biashara yake. Jana tumekaa chini tumekubaliana kijana apokee yote mawili, nami nitamlipa kwa gunia. Nitaenda kulala. Sijui kama nitalala kweli, najijua, lakini simu itabaki sebuleni kwenye chaji.

Dereva, Mungu akulinde barabarani. Chapati nimeanza kuzihesabu. Watoto wamelalamika.

Nimebaki na maswali mawili tu. Jirani ananiuzia dawa ya mizizi, anasema inaosha sukari yote. Na nikirudi kupimwa nijiandae vipi ili majibu yawe ya kweli?

---

NesiMstaafu, Kisumu

Hiyo mizizi usinunue. Hatujui kilichomo wala kipimo chake, na figo zako bado nzima, tuziache hivyo. Pesa hiyo lipia kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha sukari ilivyokuwa kwa takriban miezi mitatu iliyopita. Hicho hakihitaji ufunge kula. Ukipata kati ya 5.7 na 6.4 uko mahali pale pale ulipo leo, ukipata 6.5 au zaidi uonane na daktari bila kuchelewa. Na kwa presha hiyo na mafuta hayo, daktari aione karatasi yako hata kabla ya hapo, yeye ndiye ataamua kama unahitaji dawa.

Uwaambie pia kuhusu mtoto wa kilo 4.2. Inawezekana sukari ilikuwa imepanda wakati wa mimba ile bila mtu kujua, na mama aliyepitia hilo anatakiwa kupimwa mara kwa mara maisha yake yote. Mtaje na mama yenu.

Kwa sukari ya kabla ya kula, usile chochote kwa saa nane au zaidi. Maji tu, hata chai ya rangi hapana. Usiende asubuhi baada ya usiku wa lori. Presha: ukifika kaa dakika tano, miguu chini, usiongee, mkono uwe umeegemea meza, na uwaombe wapime mara mbili. Kiuno kipimwe ukiwa umetoa pumzi kawaida, usivute tumbo ndani. Nenda baada ya miezi mitatu, chagua tarehe leo uiandike kwenye ule ukurasa wa nyuma. Na dada yako apimwe siku hiyo hiyo, hata kama mara hii alikuwa sawa.